Mkojo Uliopimwa Kabla Haujatoka

Shosti uko hapo? Nimejifungia stoo ya mashuka nacheka peke yangu.

Yule daktari kijana wa wodi yetu ya uzazi, Bwana Najua, leo arobaini zake zimetimia!

Tulikuwa na mama wa uchungu, presha iko juu, kichwa kinamgonga. Nikamwambia tupime protini kwenye mkojo, isije ikawa kifafa cha mimba. Akanijibu mbele ya wote: "Mkunga, wewe shika vikopo vyako, udaktari niachie mimi."

Vikopo vyangu! Miaka kumi na tisa nazalisha!

Kufungua faili, naona ameshaandika: saa tatu asubuhi, protini hakuna.

Nikamwekea mama mpira wa mkojo, nikachovya kipimo mwenyewe. Protini alama tatu, nyingi kupita kiasi! Nikamkimbilia daktari mkuu, mama akachomwa dawa ya kuzuia kifafa. Kajifungua salama, mtoto analia kama king'ora.

Sasa sikia. Daktari mkuu kashika faili, anamuuliza Bwana Najua, "Huu mkojo wa saa tatu uliutoa wapi?"

Akajifanya anatafuta kalamu mfukoni.

Mama akainua kichwa kitandani: "Daktari, mimi tangu alfajiri nilikuwa sijakojoa hata tone."

HATA TONE, shosti!

Jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa. Adhabu yake: mwezi mzima atakusanya mkojo wa kila mama kwa mkono wake mwenyewe, aniletee mimi nikague.

Kesho asubuhi namsubiri mlangoni. Vikopo vyangu nimeshampangia kwenye trei.