Mstari Mtupu Kwenye Fomu ya Wapiga Mbizi

Chumba Na. 6,
Nyumba ya Wageni, Barabara ya Ufukweni.
Jumatano, 12 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Magoti bado yanakusumbua? Shemeji hajambo? Na wale wapwa wangu wasiofunga mdomo? Najua, utasema wamerithi kwangu. Mimi mzima, ila masikio yananiuma, na ukijua sababu utacheka.

Najifunza kupiga mbizi. Ndiyo, mimi, na miaka yangu hamsini na mbili na kitambi juu. Wenzangu wawili wa gazetini, Mhariri na Mchora Katuni, ndio walionishawishi: "Twende, Redio, huko chini angalau tutapumzika." Kumbe jina alilonibandika mama limewafikia hata wao.

Hewa ya mtungi unaivuta kupitia kipande cha mpira unachoking'ata, kwa hiyo kusema hakuna. Mnaelewana kwa mikono tu. Hebu niwazie mimi hapo.

Juzi mwalimu wetu, binti mkali kuliko mimi, alinionyesha kwa mkono kwamba nashuka haraka mno. Sikukubali. Nikautoa mpira mdomoni nimweleze kosa lake. Dada, nilitaka kubishana mita tano chini ya maji! Nusu ya bahari niliimeza. Akanirudishia mpira, akanipandisha polepole, na tulipoibuka akasema, "Mzee, ukitaka kushinda, shinda ukiwa hai."

Mhariri alicheka hadi akapaliwa. Mimi sikuweza. Huku hakuna kushuka peke yako. Kila mtu ana mwenzake, mnakaguana mikanda na mitungi kabla ya kuruka. Wale wawili walichaguana siku ya kwanza, hata sijafungua mdomo. Mimi nimebaki na mwalimu, kwa sababu ni kazi yake.

Chini kuko kimya hadi unasikia pumzi zako. Samaki wanapita bila kujali msimamo wangu. Huko ndiko ilikonijia ile makala yangu ya warithi wenye pupa. Miaka mitatu nimeitetea kwamba nilikuwa naizungumzia jamii. Uongo. Nilikuzungumzia wewe na nyumba ya mama uliyoiuza, na kila jirani alijua. Paa lilikuwa linaanguka. Wewe ndiye uliyelala na mama hospitali. Mimi niliyefika siku ya mazishi nikakufundisha wajibu gazetini. Nilikukosea, dada. Sina "lakini" ya kuongeza.

Mbizi ya mwisho, ya kina kirefu, ni tarehe thelathini. Kwenye fomu yangu umebaki mstari mmoja: mtu wa kupigiwa simu likitokea lolote. Mwalimu amesema mwenye mstari mtupu hapandi boti. Mhariri alijitolea aandikwe yeye; nikamkatalia, atakuwa majini pamoja nami. Nimeandika jina lako. Namba yako niliyonayo nimeipiga, haipatikani tena. Mpya hukunipa, na sikustahili.

Yangu ni ileile. Kama moyo haujawa tayari kunisamehe, usijilazimishe. Nitumie namba tu, niimalizie fomu.

Nisalimie shemeji, wapwa, na shangazi, ambaye nasikia bado anaweka gazeti lile chini ya godoro. Mwambie alichome. Mungu akupe afya, na magoti yapoe.

Mdogo wako akupendaye, aliyezimwa kwa muda,

Redio