Kipara cha Exaucée

Jumanne. Mvua ya alfajiri imekatika, na uani kwetu hapa Tshopo kumebaki tope na nzi. Roho yangu haijatulia.

Wiki mbili zilizopita niliwaandikia kwenye ukurasa huu namna ya kumkuzia mtoto nywele: mafuta meusi ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kila jioni, kitana laini, maji ya uvuguvugu. Mlinishukuru sana. Mmoja wenu aliniita mama wa wote.

Sina mtoto hata mmoja. Yule niliyemwandika ni Exaucée, binti wa kaka yangu, miezi saba. Mbele ana nywele tele. Kisogoni ana kipara laini kama mgongo wa kijiko.

Mama yake, wifi yangu Solange, anafanya kazi uwanja wa ndege, Bangboka. Anatoka saa kumi na mbili na sare yake na rangi ya mdomo. Mimi mwenye diploma nabaki na nepi. Nilimwonea wivu. Bado namwonea.

Alhamisi tulimpeleka mtoto kupimwa uzito. Solange akamwonyesha muuguzi kile kipara, akauliza aongeze mafuta gani. Muuguzi akasema mafuta hayana kazi hapo. Kichwa kinasuguliwa na mkeka. Mtoto akibebwa, na akianza kukaa mwenyewe, nywele zitarudi. Kisha akauliza ni nani anayebaki naye mchana.

"Ni yaya," Solange akajibu, akinionyesha mimi; huniita hivyo, dada mkubwa. "Anamubebaka siku yote, hata sahani anasafishaka naye ku mugongo."

Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia.

Ukweli ni kwamba Solange akishapanda tu pikipiki, namlaza Exaucée chali mkekani, nashika simu. Sina ugonjwa wa mgongo. Namlisha, namfuta, simpigi. Ila simbebi, na akilia sana naongeza sauti ya redio.

Jumapili baada ya ibada mama yangu alimvua mtoto kofia mbele ya shangazi zetu. Akasema haya ndiyo yanayompata mtoto ambaye mama yake anakimbilia mshahara. Solange aliinamisha kichwa. Kaka yangu akakata shauri kwamba mke wake aache kazi. Mimi nilikuwa nikigawa mboga ya pondu kwenye sahani. Niliendelea kugawa.

Leo Solange ameondoka na barua ya kuacha kazi, kaifunga kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Kabla ya kutoka alinipa liputa jipya la kumbebea mtoto, la kijani, bado lina harufu ya dukani.

"Aksanti, yaya. Ni weye njo ulimubeba."

Alipokwenda nikamfunga Exaucée mgongoni. Labda ni aibu. Mtoto aliyezoea mgongo hutanua miguu mwenyewe na kulaza shavu. Huyu alikakamaa kama kuni, akapiga kelele kana kwamba anaibwa.

Mama yangu, anayekaa ng'ambo ya mto, alikuwa amekuja mapema kuhakikisha barua inaondoka. Amelea watoto sita. Aliitazama ile miguu, akanitazama mimi, na akaelewa yote. Nilingoja anitukane. Moyoni nilitaka anitukane.

"Mutoshe ku mugongo," akasema, akiashiria nimshushe. "Na ufunge kinywa yako."

Akamalizia chai yake. Tangu siku ya harusi anataka Solange akae nyumbani, na sasa nimempatia sababu.

Mama ameshaondoka. Ni saa tatu. Mkuu wa Solange huingia ofisini saa nne, kwa hiyo barua bado iko mkononi mwake. Ningempigia, yangetosha maneno machache: usiitoe, kosa ni langu.

Exaucée amelala chali juu ya liputa lake jipya. Anazungusha kichwa kulia, anazungusha kushoto.

Simu ninayo. Nimeandika haya yote kwa simu hiyo hiyo.