Mgeni Naye ni Mpangaji

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika nyumbani salama baada ya kunitembelea na magoti yametulia. Mimi mzima, ila sinki la jikoni limeziba. Vyombo naoshea bafuni. Bwana Funguo, mwenye nyumba, anasema aliyeziba ndiye atakayemlipa fundi. Nimemjibu kwamba bomba lake limezeeka na sitoi hata senti. Naye akasema, "Fundi akikuta uchafu wako utalipa, na ukibisha utahama." Nyumba iliyo karibu na kazini hivi sitaipata tena. Nami sijatupa kitu kwenye sinki. Wewe je, unajua lolote?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Nimefika, magoti yanalalamika kama kawaida yao. Punguza maneno na huyo baba. Sufuria zako zilikuwa nyeusi tii. Nilizisugua wiki nzima kwa majivu na mchanga niliouomba kwa wajenzi wa jirani, nikazisuuza hapo hapo kwenye sinki. Si ulizisifu mwenyewe? Nilidhani tundu lile linatokea kwenye maua ya nyuma, nikasema na yenyewe yanenepe. Mwambie ukweli. Mwambie pia mimi si mpangaji, ni mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Mwenyeji hajapona. Barua yako imefika fundi akiwa chini ya sinki, anagonga kona ya bomba ili lidondoke donge gumu kama tofali. Bwana Funguo amekunja mikono. "Hili ndilo bomba lililozeeka?"

Ningeweza kumsingizia mpangaji aliyepita. Nikamsomea barua yako badala yake. Kwenye maua kunenepa, fundi alicheka hadi akajigonga kichwa. Bwana Funguo hakucheka. "Bomba lingeoza ningelipa mimi. Hili zima. Mgeni wako ni wewe."

Nimelipa, nikamwomba radhi. Akaongeza mstari kwenye mkataba kwa mkono wake: "Mgeni naye ni mpangaji." Tumetia sahihi wote wawili. Sihami.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umefanya vyema, na pole kwa mfuko wako. Mpe salamu Bwana Funguo, mwambie mstari wake nimeukubali. Kama mimi ni mpangaji, basi nina chumba hapo. Nakuja mwezi ujao. Sufuria nitasugulia uani, kwenye beseni, na maji nitayapeleka kwenye maua mwenyewe.

Mama yako, mpangaji mwenzio