Farasi wa Bwana Mkubwa

Athumani,

Huna akili, mwanangu. Uliniambia Juma amekaa vizuri hapa Kariakoo, ana kazi ya ukarani, na jioni anacheza sataranji. Hukuniambia anacheza na mzungu mkubwa wa ofisi yake.

Jana Juma alinipeleka ukumbini Mnazi Mmoja nimwone, maana sasa ni katibu wa chama cha sataranji cha nchi nzima. Wakiwa wanacheza, yule bwana akamshika farasi wake, akaona hatari, akamrudisha ili acheze kete nyingine. Watu wote waliona, wakatazama chini. Mwanao akasema, "Bwana, umeshamgusa. Sheria ni umcheze huyo huyo." Mzungu akawa mwekundu hadi masikioni. Akamcheza, akafungwa, akachukua kofia yake akaondoka bila kumpa mtu mkono.

Njiani nikamwambia, "Ungejifanya hukuona ungepungukiwa nini?"

"Bibi, katibu ni mimi. Nisiposema mimi, aseme nani?"

  Tangu hapo gari likisimama nje tu, nachungulia dirishani. Kesho Jumatatu anaingia ofisini kwa mtu yule.

Simwambii kwamba nimeona fahari, atavimba kichwa. Wabusu watoto, na mkeo mpe pole ya mguu. Ni mimi mama yako ninayekuambia: mpangaji wa chumba cha uani ahame wiki hii, ukipake chokaa, Juma akirudi akute pa kulala.