Kaseti Yako Mbele ya Akina Mama wa Kanisa

S.L.P. 14,
Ikutha.
9 Agosti, 1997.

Mpendwa ndugu yangu Nzuki,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Sisi huku hatujambo, ila mvua ilitunyima na mbuzi wamekonda. Je, wewe waendeleaje? Nakuuliza kwa dhati, nawe nijibu kwa dhati.

Kaseti yako ilifika. Nzuki, uliwezaje kumpa dereva wa lori kaseti bila hata kikaratasi cha maelezo? Unajua watoto wa hapa walioko mbali hutuma salamu zao kwa kaseti. Mama alipoambiwa imetoka kwako, hakuuliza zaidi. Alichinja jogoo, akaita kikundi chote cha akina mama wa kanisa, akaazima redio ya jirani yetu Mutindi.

Ngoma zilipoanza walidhani ni kwaya. Kila ulipovuta pumzi walisema, "Amina." Kisha ukataja bunduki.

"Kiilu, wewe umesoma," mama akaniambia. "Hicho Kiswahili cha Nairobi kinasema nini?"

Hebu fikiria nilivyosimama, nikiwatafsiria wazee wale wa kike kwa Kikamba mambo ya wezi na pombe haramu ya chang'aa! Nusu niliruka. Upande wa pili wa kaseti unawatukana askari na machifu, nami ni karani katika ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa; chifu hupita mezani pangu kila Jumatatu. Siku hizi nikiitwa ndani nadhani wameisikia. Hukunifikiria hata kidogo.

Lakini mistari miwili sikuweza kuiruka, maana kila mtu aliielewa:

Nalala kwa mtaro, gunia ndiyo blanketi,
Njaa ikibisha hodi, mimi sina geti.

Mutindi akamcheka mama. "Nzilani, si ulituambia kijana ana nyumba ya mawe?"

Nikawaeleza kwamba huo ni usanii tu, kwamba vijana wa muziki huu wa rap hujisifia taabu kama wengine wanavyojisifia magari. Nilieleza vizuri hata mimi mwenyewe nikaanza kuamini.

Walipoondoka, mama akaniambia nirudishe kaseti nyuma. Wimbo wa tatu ukishamalizika, kabla ya wa nne, kuna mtu anakohoa. Alimsikiliza mara nne.

"Huyo sasa haimbi," akasema. "Huyo ni mtoto wangu, na kifua ni kile kile."

Tangu hapo hatupumziki. Amefunga mzigo wa unga, asali na blanketi langu mimi, bila kuniuliza. Nilimsihi asubiri kwanza jibu lako. Akasema majibu yako amekuwa akiyapata miaka miwili, yote mazuri.

Kwa hiyo tunakuja, Jumamosi tarehe 23, kituo cha mabasi ya Machakos hapo Nairobi, saa nane mchana. Tafadhali usiazime chumba cha rafiki ili kutupendeza. Tupeleke pale unapolala.

Dada yetu Mumbua na shangazi Kaluki wanakusalimu sana. Mungu akufunike hadi tuonane.

Nimeomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. D.O. aliniuliza sababu, nikamwambia ndugu yangu ni mgonjwa. Sijui kama nilisema uongo, Nzuki. Wewe ndiye unayejua.

Ni mimi kaka yako, niliyekasirika kwa sababu nakupenda,
Kiilu