Hina ya Rehema kwenye Laptop

Buguruni, Jumamosi, Aprili 1999

Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kukata. Umeme hakuna, wateja hakuna. Nimebaki mie, taipureta mbili zilizofunikwa kitambaa, na hii laptop ambayo tangu asubuhi naisugua kama sufuria lililoungulia wali.

Jumatatu anaanza binti mpya. Juzi nilimjaribu, anachapa vizuri, hatazami vidole. Ila alipokaa tu akaangalia pale panapokaa viganja, akauliza kwa adabu kama ile ni kutu. Nikamwambia plastiki haishiki kutu, mwanangu, endelea. Lakini aibu niliiona. Mteja analeta barua yake ya kazi, anakuta mashine ina madoa mekundu kama meza ya muuza nyama.

Siyo kutu. Ni hina.

Ni vidole vya Rehema.

Humu sijawahi kuandika ilivyokuwa. Harusi ya mwanangu ilikuwa baada ya Idd Ndogo. Mashangazi zake wa Temeke, mawifi zangu hao, wakahamia kwangu. Baba yake hayupo duniani, kwa hiyo wao ndio wakawa baba. Wakamweka mwali ndani, wakaleta fundi wao wa hina kutoka Mbagala, wakapanga nani apike nini kwenye masufuria yangu. Mie niliyemlea huyo mtoto kwa kuchapa barua za watu, nikaanza na taipureta ya kuazima mpaka nikafika kwenye laptop, mtumba wa mzungu mmoja wa mradi aliyekuwa anarudi kwao, nikaambiwa nikae pembeni, mambo ya pwani siyajui.

Kweli siyajui. Mie mtu wa Njombe. Lakini kuambiwa ndani ya nyumba yangu kuliniuma.

Jioni ile umeme ukakatika, na risala ya mahafali ya shule moja ilikuwa haijaisha. Laptop peke yake ndiyo ilikuwa na betri. Niko uani na masufuria, nikasikia vidole vinachapa chumba cha mbele. Naingia, namkuta Rehema katoroka chumbani kwake, kanga kichwani, hina bado mbichi mikononi, anamalizia kazi ya watu.

"Toka hapo. Shangazi zako wakikuona wataniua mie."

"Watakuua wakishamaliza kula. Hii risala utaimaliza na nani, mama? Wewe kuhesabu kurasa unajua, kuzipanga hujui."

Hapo hakukosea. Mie nikitupia jicho mwandiko wa mtu nakwambia zitatoka kurasa ngapi, na zinatoka hizo hizo. Kuzifanya zipendeze ilikuwa kazi yake. Akamaliza, akarudi ndani. Kesho yake akaolewa, wakampeleka Tanga.

Hajarudi kuniona hata mara moja.

Bibi yangu alinifundisha kwamba mama hakanyagi kwa binti aliyeolewa mpaka binti mwenyewe arudi kwanza nyumbani na mumewe, wale, wanywe, ndipo njia iwe imefunguliwa. Nikangoja. Fungate ikapita. Idd Kubwa nilipika pilau ya watu sita, tukaila mie na mpangaji wangu, na mpangaji mwenyewe alikuwa na vidonda vya tumbo. Nikajisemea, haya, kapata kwao kupya.

Wiki iliyopita nilikutana na wifi yangu mkubwa sokoni. Akanijibu salamu nusu mdomo, akasema wenzetu mkishatoa mtoto ndiyo mmemaliza. Nikaondoka. Ulimi wake naujua.

Basi leo nikaamua. Nimetoa betri, nimeanza na sabuni ya unga, kitambaa kibichi kidogo tu maji yasiingie ndani. Hakuna kitu. Nikaja na spiriti. Pamba ikatoka na uchafu wa miaka yote, hina ikabaki. Dawa ya meno imeng'arisha plastiki pembeni, na madoa ndiyo yakazidi kuonekana. Mwisho nikakata ndimu, nikachovya chumvi. Ndimu inatoa kila kitu, kuanzia shombo ya samaki mpaka kutu ya jembe.

Mikunjo ya pembeni ya vitufe ilikuwa na hina iliyokaukia humo ambayo sikuiona. Ndimu ilipoifikia, ikalainika, ikachuruzika. Madoa ya rangi ya chungwa yakaiva yakawa mekundu kama tofali la kuchoma.

Mwanaidi mwenye saluni ya jirani aliingia kuomba kiberiti, akasimama mlangoni akacheka mpaka akashika fremu. Yeye Mzaramo wa hapa hapa, na kupaka maharusi hina ndiyo kazi yake. Ile ya fundi wa Mbagala bado hajanisamehe.

"Mama Rehema, hina huipaki ndimu, shoga. Ndimu ndiyo tunayoikolezea. Hiyo umemwozesha mwanao mara ya pili."

Nikacheka na mie, kisha kicheko kikanigeuka. Akakaa. Akasema hina ya mikononi kwa Rehema itakuwa imeshakwenda zamani, ngozi hujibadilisha, ila plastiki itajibadilishaje? Halafu akauliza nilimkutaje Rehema nilipokwenda kumtazama.

Nikamwambia sijaenda. Namngoja yeye aje.

Akaniangalia kama niliyeongea Kibena cha kwetu Njombe.

"Kwetu mama ndiye anayetangulia. Fungate ikiisha, upande wa mwali unakwenda kumtazama, ndiyo na yeye anapata ruhusa ya kurudi kutembea kwao. Mama akinyamaza, ukweni wanajua kasusa. Mtoto atatokaje hapo? Aseme anakwenda kwa nani?"

Nilikuwa nimeshika ganda la ndimu, nalikamua na halina kitu.

Kumbe wifi alikuwa ananiambia. Kwa ubaya wake, lakini alikuwa ananiambia. Na Rehema huko anakaa kwenye kochi la watu, kila wageni wakibisha hodi anainua shingo. Mie huku nanuna, yeye huko ananingoja, na kila mmoja anafuata adabu aliyofundishwa.

Mwanaidi akaniletea dawa anayochubulia nywele za wateja, akanionyesha kuipaka kwa pamba na kuianika laptop juani. Mchana mvua ilipumzika, jua likachungulia kwa muda wa saa moja hivi, halafu mawingu yakaziba. Vidole vitatu vimepauka. Vingine bado vinaonekana vizuri, hata kile kidogo cha mwisho alichokuwa akikiinua kila akichapa, tabia niliyomgombeza nikachoka.

Nimefunika mfuniko wa laptop. Binti mpya atachapia juu ya alama hizo hivyo hivyo, na akiuliza tena nitamwambia ni za nani. Siku nzima nimesugua alama, na vidole vyenyewe viko Tanga, basi la asubuhi nafika kabla ya saa nane.

Nitakwenda Jumatano. Mwanaidi ameniandikia vya kubeba, mie nimeongeza viazi mviringo vya kwetu.

Ukweni nitawaambia kweli, kwamba sikujua. Ila Rehema akifungua mlango nitamwambia nini? Labda nisiseme neno. Nimwache aseme yeye shikamoo mama, maana tangu Idd Ndogo marahaba yangu sijampa mtoto wangu.