Mlima ulipotuzalia maji

Mjukuu wangu mpenzi Asifiwe,

Hapa Keshero tu wazima. Mama yako amepanda maharagwe katikati ya mawe ya volkano, na yameota. Tunamshukuru Mungu.

Umeniuliza kama kazi ya kuondoa maji na kutengeneza miteremko huko mgodini unakofanya kazi inaweza kungoja hadi uchimbaji umalizike. Nikiwa kijana kule Masisi, kabla hatujakimbia, nilichimba katika shimo la wazi. Asubuhi moja maji safi yalitokeza kwenye ukuta wa udongo, juu ya vichwa vyetu. Tulishangilia.

"Mulima umetuzalia chemchemi!" akasema Papa Bahati, kapita aliyesimamia kazi yetu, akikinga kopo. "Leo hakuna kushuka mutoni."

Injinia, kijana wa Butembo, hakucheka. "Papa, hayo maji yamebanwa ndani, yanasukuma ukuta. Toa watu!"

"Injinia anaogopa maji ya kunywa," Papa Bahati akatania, lakini akatutoa sote. Kabla ya mchana ukuta uliporomoka pale tulipokuwa tumesimama.

Hatukurudi shimoni mpaka tulipochimba mifereji juu ya mteremko, tukaukata ngazi ngazi na kupanda matete ya kushika udongo.

"Sisi ni wachimbaji ao walimaji?" Papa Bahati alinung'unika, jembe mkononi. Mvua kubwa ilipokuja, maji yalipita mferejini na mteremko ukakaa imara.

Vita vimetutawanya watu wa shimo lile, lakini siku ile sote tulitoka kwa miguu yetu. Baadaye nilimuoa binti ya Papa Bahati, na tukamzaa mama yako.

Mungu akutunze.
Koko wako